Imbwa Anayejua Kushika Bila Kuumiza



Wenye kutengeneza gazeti letu walituomba sisi finalisti tuache neno moja mbele ya kwenda ku mutihani wa Leta. Wenzetu wameandika juu ya masomo, juu ya mupira, juu ya kazi ya Injili. Sisi, kapita wa interna, tutaandika juu ya imbwa. Tunajua kuna wenye watacheka. Wacheke tu, lakini wasome mupaka mwisho. Habari hii ni ya imbwa, na ni ya mudomo wetu sisi vilevile, na kwa sababu ya mudomo ule mutoto mumoja wa shule hii alikaribia kupoteza maisha yake.

Kwanza musikie namna tulivyokuwa. Mu mwezi wa tisa Bwana Prefe alituita mu ofisi yake, akatupa kazi ya ukapita. Tulipewa kengele, tulipewa ufunguo wa nyumba ya kulala, tulipewa na daftari ya kuandika majina ya wenye makosa. Fimbo hatukupewa, kwa maana mu shule yetu fimbo imekatazwa. Basi tuliona fimbo yetu njo mudomo. Mutoto akichelewa ku sala ya asubui, tulimupachika jina mbele ya wote, na jina lile lilimufuata wiki muzima. Akilia usiku kwa kukumbuka mama yake, tulimwita mutoto wa maziwa. Mwenye viatu vya kupasuka, tulicheka viatu vyake. Hatukupiga mutu hata siku moja, na tulijisifu: "Sisi ni kapita muzuri, hatugusi mutu." Nyumba ya kulala ilikuwa kimya kama kanisa siku ya juma. Bwana Prefe alipopita na taa yake usiku alisema: "Muzuri, kapita, kuko utaratibu." Na sisi tuliamini kwamba kimya ni utaratibu.

Mu mwezi wa pili, wakati wa mvua nyingi, mutoto mumoja wa darasa la saba alitoka inje ya lupango bila ruhusa. Hatutataja jina lake. Yeye mwenyewe ametuachia habari tuiandike, lakini si jina. Alitaka kununua mikate ku barabara. Imbwa mumoja asiyejulikana, mwenye kutembea peke yake, akamuuma mu muguu, nyuma, chini ya goti. Mutoto hakumuchokoza. Imbwa aliuma, akaachilia, akaenda zake. Mutoto akarudi mbio, akafunga kidonda na kipande cha shati ya zamani, akavaa soksi ndefu, akaingia ku etidi pamoja na wengine. Akanyamaza siku ine.

Siku ya tano muguu ulivimba. Rafiki yake wa kitanda cha jirani alisikia harufu ya kidonda. Alienda kusema, lakini hakuja kwetu, ingawa kitanda chetu kiko hatua kumi kutoka kwake. Alienda mupaka ku jiko, kwa mama mupishi. Ni mama mupishi mwenye alituita:

"Kapita, kuya uone muguu ya huyu mutoto."

Tulipofungua kitambaa tuliona alama za meno, na usaha. Tukamuuliza mutoto: "Sababu gani haukusema?" Aliangalia chini. Kisha akajibu kwa sauti ndogo sana:

"Yaya, niliogopa. Ungelinipa jina mbele ya bote."

Wandugu, tumepokea mazuri na mabaya mu maisha yetu mafupi, lakini hakuna neno lenye lilituingia sawa lile.

Wengi wenu munajua kichaa cha imbwa. Wengine munasema ni uchawi. Si uchawi, ni ugonjwa. Unakaa mu mate ya imbwa mugonjwa, na anapouma, mate yanaingia mu kidonda, na ugonjwa unapanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mupaka ku ubongo. Mara nyingi unachukua miezi miwili ao mitatu mbele ya kuonekana, mara zingine wiki chache tu. Ukisha kuonekana, mugonjwa akianza kuogopa maji na kushindwa kumeza, karibu hakuna mwenye anapona. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu karibu 59.000 wanaokufa kila mwaka na ugonjwa huu, walio wengi mu Asia na mu Afrika, na mu watu 10, karibu 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Lakini chanjo iko, na ikitolewa mbele ya dalili kuonekana, inaokoa. Hii ilijulikana tangu tarehe 6 ya mwezi wa saba 1885, wakati Louis Pasteur, mu muji wa Paris, alianza kumutunza Joseph Meister, mutoto wa miaka 9 mwenye aliumwa na imbwa siku mbili mbele. Mutoto yule alipona.

Joseph Meister alikuwa na siku mbili. Mutoto wetu alikuwa na siku tano. Na sisi njo tuliokula siku zile.

Kama imbwa angelijulikana, watu wangelimufunga na kumuchunguza siku 10. Akibaki muzima mupaka mwisho wa siku zile, hakukuwa na kichaa mu mate yake siku aliyouma. Lakini tulipouliza, tulisikia kwamba watu wamekwisha kumuua na kumuzika. Ku kituo cha afya walisafisha kidonda kwa maji na sabuni, lakini chanjo haikuwa kule. Ilipaswa kushuka Lubumbashi. Bwana Prefe mwenyewe alipanda lori pamoja na mutoto, mu matope yale munayoyajua. Mbele ya kupanda alitugeukia, hakupandisha sauti, akasema:

"Kapita, siku ine. Munalala mu nyumba moja. Namna gani haukujua?"

Lori likaenda. Sisi tukabaki na kengele, na ufunguo, na daftari. Usiku ule nyumba ya kulala ilikuwa kimya sawa sikuzote, na kwa mara ya kwanza kimya kile kilituogopesha.

Mutoto alipata sindano zake zote. Leo yuko muzima, na wiki iliyopita alipiga goli mbili. Tunamushukuru Mungu, tunawashukuru na wenye walimutunza. Lakini swali la Bwana Prefe lilibaki bila jibu mupaka pumuziko la Pasaka.

Wakati wa Pasaka tulienda kwa nkambo wetu, mu kijiji kiko chini ya milima ya Kundelungu. Nkambo ni muzee wa shamba. Zamani aliwinda mbali, leo anawinda mu mashamba yake tu. Ile bustani ya Leta ya Kundelungu iliwekwa 1970, na nkambo anasema mwenye kuingia mule na imbwa kutafuta nyama ni mwizi sawa mwizi wa kuku. Lakini kanga wanaposhuka mu mahindi yake, anachukua gobori yake, anaita imbwa yake.

Imbwa ule ni jike, jina lake Batasema. Munajua wazee wetu wanapenda kuwaita imbwa majina ya kujibu majirani. Rangi yake ni ya udongo mwekundu, masikio yamesimama, mukia umejikunja juu ya mugongo. Imbwa wa namna hii ni wa inchi yetu tangu zamani sana. Mu miaka ya 1930 Wazungu waliwapeleka wengine Uingereza kutoka Kongo, na 1937 walionyeshwa ku maonyesho makubwa ya imbwa yanayoitwa Crufts, mu London. Watu wa kule walishangaa kuona imbwa asiyebweka sawa imbwa wao. Walimupa jina "basenji". Mwenye anasikia Kiswahili anatambua neno lile: ni "washenzi". Njo namna walivyotuita, sisi na imbwa wetu. Tuache ile. Kwa sababu hawabweki sana, wawindaji wanawafunga njuga mu shingo, ili wajue imbwa amefika wapi mu majani.

Asubui moja tulienda na nkambo ku shamba. Kanga walikuwa wengi. Nkambo alipiga mara moja, kanga mumoja akaanguka mbali mu majani marefu, lakini hakufa. Nkambo hakusema neno. Alinyosha mukono tu. Batasema akaingia mu majani, sisi tukasikia njuga ikienda, ikizunguka, ikinyamaza, kisha ikirudi polepole. Alitoka na kanga mu kinywa, kichwa juu, macho kwa nkambo. Akakaa mbele yake.

Sisi tulinyosha mukono kuvuta ndege. Nkambo akatupiga ku vidole.

"Hapana kuvuta! Ukivuta, ataona sawa unamuiba, atakaza meno. Weka mukono chini, ungoje."

Akaweka kiganja chake chini ya kinywa cha imbwa, akasema: "Leta." Batasema akafungua kinywa, kanga akashuka mu kiganja. Nkambo akapitisha kidole gumba ku mbavu za ndege, upande mumoja na upande mwingine, taratibu sana. Kisha akasema: "Gusa." Tuligusa. Manyoya yalikuwa na maji ya mate. Mbavu zote nzima, hakuna hata moja iliyovunjika. Na chini ya kidole chetu moyo ulikuwa ukipiga bado. Nkambo akamumaliza kwa kisu upesi, ili asiteseke.

Saa sita mama wakubwa walipika, na nkambo akamutupia Batasema mufupa wa mbuzi. Mufupa mugumu wa paja. Imbwa aliuvunja mara moja, kra! Tulishangaa. Tukauliza: "Nkambo, kumbe ana nguvu hivi? Tulizania meno yake hayana makali."

Nkambo akacheka. "Makali iko, mujukulu yangu. Nguvu iko mingi. Kama haina na nguvu, utasema anajua kupima nini? Imbwa muzee bila meno, hata yeye haikate ndege. Ile haina akili, ile ni kukosa meno."

Tukauliza tena: "Nani alimufundisha?"

"Mimi nilimufundisha kuleta. Kushika polepole, hapana, mi sikumufundisha. Kuya uone."

Akatupeleka nyuma ya nyumba. Batasema alikuwa na watoto watano, wa wiki sita hivi, mu kivuli cha muembe. Tulikaa pale mupaka jua likaanza kushuka. Walikuwa wanacheza kupigana. Mumoja mweusi, mukubwa kupita wengine, alimushika mwenzake ku sikio. Mwenzake akalia: wii! Akatoka mu muchezo, akaenda kukaa mbali. Ule mweusi akabaki peke yake, anaangalia tu, hana mutu wa kucheza naye. Kisha akamufuata, akamushika tena ku sikio, lakini safari hii polepole. Muchezo ukaendelea. Kisha akaenda kunyonya, akauma ziwa la mama yake. Batasema akanguruma, akasimama, akaenda zake, watoto wakabaki na njaa. Tulihesabu: mu muda ule ule mweusi aliliwa kelele mara saba. Hakuna mwenye alimupiga. Walimuonyesha tu kwamba ameumiza.

Nkambo akasema: "Unaona? Njo masomo yake. Kuko bantu ya mujini wanakuyaka hapa, wanataka mutoto ya imbwa ya wiki tatu. Mi nakatala. Ndugu ya Batasema, nilimutoaka mbele ya wakati, nikamupa rafiki. Alimufunga na munyororo, peke yake, mu lupango. Akakomaa. Akicheza na batoto, anabaluma. Wakasema ni imbwa mubaya. Haikuwa mubaya, mujukulu yangu. Hakuna mwenye alimwambiaka: unaniumiza."

Tulinyamaza. Nkambo alifikiri tunaangalia watoto wa imbwa.

Tuliporudi ku shule tulimuuliza mwalimu wetu wa biolojia, naye akatuazima kitabu cha Kifaransa juu ya imbwa. Kitabu kilikubali maneno ya nkambo. Kilisema meno ya kwanza ya imbwa yanaanza kutoka ku wiki ya tatu. Yanakuwa 28, membamba, makali sawa sindano, na taya bado zayifu. Tulifikiri sana juu ya neno hili. Mutoto wa imbwa anauma kwa maumivu wakati hana nguvu ya kuvunja kitu. Mwenzake analia, lakini hafi. Hivi anajifunza kupima mbele ya kupata nguvu. Kisha, toka mwezi wa ine mupaka mwezi wa saba hivi, yanatoka meno makubwa 42, na taya zinakuwa ngumu. Mwenye hakujifunza ku meno madogo atakuja kujifunza ku meno makubwa, na masomo yale mutu mwingine njo atakayoyalipa kwa damu. Kwa sababu hiyo waganga wa wanyama wanashauri watu wasimutoe mutoto wa imbwa kwa mama yake na wandugu yake mbele ya wiki 8.

Kitabu kilisema vilevile juu ya imbwa wa Ulaya wa kuokota ndege. Kule kazi imegawanywa: kuko imbwa wa kuonyesha ndege ameficha wapi, kuko wa kumurusha, kuko wa kumuleta. Imbwa anayeitwa Labrador, babu zake walisaidia wavuvi wa kisiwa cha Newfoundland kuvuta kamba na kuleta samaki waliotoroka. Ule wa rangi ya zahabu, Bwana Tweedmouth wa Scotland alipata watoto wa kwanza 1868, kwa imbwa dume jina Nous na jike jina Belle. Watu wale walichagua miaka mingi: imbwa mwenye kinywa laini anazaa, mwenye kinywa kigumu hazai. Mupaka leo, ku mashindano ya kuwinda mu Uingereza, muamuzi anachukua ndege aliyeletwa, anapitisha vidole ku mbavu. Akiona imbwa amezivunja, imbwa ule anatolewa mu mashindano. Tuliposoma ile tulicheka kwa furaha. Muamuzi wa Uingereza na nkambo wetu wa Kundelungu, hawajaonana, lakini kidole gumba chao ni kimoja.

Lakini kuzaliwa peke yake hakutoshi, kitabu kilisema. Hata mutoto wa ukoo muzuri anaharibika. Ukishindana naye kuvuta kitu, anakaza meno. Ukimufukuza ili umunyanganye ndege, anameza ao anaponda. Imbwa mwenye woga anakaza taya kupita imbwa mwenye kutulia.

Basi hapa tulipata jibu la swali la Bwana Prefe. Namna gani hatukujua? Hatukujua kwa sababu hakuna mwenye alikuwa na ruhusa ya kulia mbele yetu. Mwenye alilia, tulimupa jina. Siku tulipopata kengele na ufunguo, tulitoka katikati ya wandugu yetu, tukajifunga munyororo wa ukubwa, na toka siku ile hakuna aliyetuambia "unaniumiza". Meno yetu yalikuwa makubwa, masomo yetu yalibaki ku meno madogo. Na ule mutoto wa darasa la saba, mwenye kuumwa na imbwa, aliona afazali kukaa na jino la imbwa mu muguu kuliko kukutana na mudomo wa kapita. Hatukuwa na nia mubaya. Lakini hata ule ndugu ya Batasema hakuwa na nia mubaya, na watoto walitoka damu.

Mwanzo wa muhula huu wa tatu tulikusanya interna yote kisha sala ya magaribi. Tuliwaeleza habari ya watoto watano wa Batasema, mwanzo mupaka mwisho. Kisha tukasema: "Toka leo, kila juma mbili, kabla ya kuzima taa, mwenye sisi tumemuumiza aseme. Hatutaandika jina lake mu daftari." Juma la kwanza hakuna mwenye alifungua kinywa. Walituangalia tu, sawa watu wanaoangalia mutego. Mara ya pili, mumoja wa darasa la nane akasimama, akasema: "Yaya, ile siku ulicheka viatu yangu, tata yangu alikuwa amefariki wiki ile." Wandugu, tulihisi moto mu koo. Maneno ya kujitetea yalikuwa tayari ku ulimi, yote makali. Tuliyashika. Tukasema tu: "Tulikuumiza. Utusamehe." Akakaa. Kisha akasimama mwingine, na mwingine.

Musizani kwamba tumegeuka malaika. Wiki mbili zilizopita mutoto mumoja alimwaga maji ku magodoro, na sisi, mbele ya kufikiri, tukamwita jina baya. Mara moja, kutoka kitanda cha juu, sauti moja ikatoka: "Wii!" Kisha nyingine: "Wii!" Kisha nyumba muzima. Walicheka mupaka machozi. Sisi tulikasirika kwanza, kisha tukacheka nao. Bwana Prefe alikuja na taa yake kuuliza makelele ni ya nini. Hatukujua namna ya kumueleza.

Lakini kuko neno moja lenye wengine hawasikii muzuri. Wanazani kinywa laini ni kuachilia. Hapana. Batasema hakuacha kanga aanguke njiani. Alimushika toka majani mupaka kiganja cha nkambo, na kanga hakutoroka. Mu mwezi wa tano wawili wa humanite walitoka usiku kwa dirisha. Tuliwangoja pale pale ku dirisha, tukawapeleka kwa Bwana Prefe usiku ule ule. Hatukuwatukana, hatukuwacheka, hatukuwapa majina. Tulisema walichofanya, saa waliyotoka, na saa waliyorudi. Walipata azabu yao. Kesho yake mumoja wao alitusalimia. Zamani, mwenye tulimupeleka hakutusalimia mwezi muzima. Kushika ni kazi ya kapita. Kuvunja mbavu haiko mu kazi yake.

Mbele ya kumaliza, tunaomba wadogo wote washike maneno haya ya imbwa mwenyewe, kwa maana imbwa wa barabarani bado wako. Ukiumwa, hata kama ni alama ndogo tu, kwanza osha kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15, usihurumie sabuni. Usipake majivu wala mafuta wala majani. Pili, sema siku ileile: kwa kapita, kwa mwalimu, kwa mama mupishi, kwa yeyote mukubwa. Hata kama ulikuwa inje bila ruhusa. Azabu ya kutoka bila ruhusa ni kufagia lupango. Azabu ya kunyamaza ni kubwa kupita. Tatu, enda ku kituo cha afya, na kama chanjo haiko kule, safari ya mujini isingoje kesho. Ine, kama imbwa ana mwenyewe, musimuue upesi. Afungwe, achunguzwe siku 10. Na mwenye imbwa nyumbani ampeleke apate chanjo yake, na asitoe watoto wake mbele ya miezi miwili.

Na wewe utakayepokea kengele yetu mu mwezi wa tisa, hatukujui bado, lakini tunakuachia neno moja. Muchungaji wetu alitusomea barua ya Yakobo, mulango wa 3, mara nyingi mwaka huu, na sisi tulizani inasema juu ya watu wengine. Soma mulango ule ukiwa na ufunguo mu mufuko, utaona unasema juu ya nani. Na ukisikia nyumba ya kulala kimya kabisa, usifurahi upesi. Washa taa, tembea kitanda kwa kitanda, angalia nani amevaa soksi ndefu.

Nkambo ametutumia habari: ule mutoto mweusi amebaki kwake, amemupa jina Nisikie. Wengine ine wametolewa, kila mumoja kisha wiki nane.

Tuombeeni ku mutihani wetu. Mubaki na amani ya Bwana.

Kapita wa interna, mwaka wa mwisho
Lukafu